Bafu la Ghorofa ya Kumi

"Kitanda tutakiweka hapa, mama. Kichwa ukutani, miguu dirishani. Akifumbua macho tu, anauona mji wote."

Sauti ilipanda kupitia tundu la hewa la bafuni, ikamkuta Mpole amepiga magoti sakafuni, brashi kavu mkononi. Brashi ikasimama. Sauti ile isingempotea hata katikati ya soko. Ilikuwa ya Fundi, mchumba wake, fundi makochi.

Mpole alikuwa ghorofa ya kumi. Fundi alikuwa ghorofa ya tisa, moja kwa moja chini ya magoti yake, anachagua nyumba ya kuhamia wakishafunga ndoa.

"Na mwenyewe anajua?" ikauliza sauti ya pili, nzito, ya mama yake Fundi.

"Hajui kitu. Nataka nimshtukize. Miaka yote hii nashona makochi ya watu, langu sina hata pa kuliweka."

"Mchumba wako atashukuru," ikadakia sauti ya tatu, laini, ya dalali. "Nyumba hii mtu haingii mara mbili bila kuipenda."

Mpole akaiweka brashi chini.

Kazi iliyomweka pale ilikuwa hivi. Nyumba ile ya ghorofa ya tisa ilikuwa mgonjwa. Kila aliyeoga ghorofa ya kumi, maji yalipenya sakafuni yakateremka ndani ya ukuta wa chumba cha kulala cha chini. Ukuta ukilowa, ukungu mweusi unatambaa hadi darini. Basi wateja wakitarajiwa, Mpole hutangulia siku mbili. Husugua ukungu kwa dawa ya madoa, huwasha feni ukuta ukauke, hupaka rangi, hupuliza marashi. Wateja wenyewe wakifika, yeye hupanda ghorofa ya kumi na ndoo yake kumwambia mama mwenye nyumba kwamba uongozi umempa zawadi ya kusafishiwa bafu bure. Hujifungia humo, asugue pakavu, mtu asifungue maji mpaka wateja waondoke. Msimamizi wake aliuita mpango huo kuandaa nyumba.

Fundi alijua mchumba wake ni mfanya usafi. Alijua pia kwamba kampuni yao huwahamisha jengo hadi jengo. Ila tangu Mpole ahamishiwe hapa, akiulizwa habari za kazi alijibu, "Tunafagia," akageuza mazungumzo. Hata jina la jengo hakuwahi kulitaja.

"Mbona pananukia sana humu?" mama aliuliza huko chini.

"Usafi huo, mama. Hapa usafi ni kila siku."

"Mimi nimepikia watoto wa shule miaka thelathini. Nikiingia jikoni nikakuta marashi, naanza kutafuta sufuria iliyoungua."

Fundi akacheka. "Mama naye."

"Unacheka nini? Nyumba haichaguliwi kwa macho peke yake. Fungua bomba hilo. Liache litiririke. Haya, funga. Lifti ziko ngapi? Umeme ukikatika, maji yanapandaje huku? Jua la jioni linapiga upande gani, maana sitaki kuja kumtembelea mkwe wangu nikaange mgongo. Na hapo juu anakaa nani?"

"Familia moja tulivu sana," dalali alijibu haraka. "Hata wakioga huwasikii."

"Sijauliza habari za kuoga."

Mpole akainamia tundu la hewa.

Mlango wa bafu ukagongwa. "Dada wa usafi, bado? Pacha wangu wametoka kuchezea udongo, wamekuwa kama viazi. Nataka niwaogeshe."

Mpole akautazama mkono wake. Bomba lilikuwa shibiri moja tu kutoka kwenye vidole vyake. Angelizungusha tu, dakika kumi zisingefika kabla ukuta wa chini haujaanza kutoa jasho, na Fundi angepona. Lakini angepanda kuuliza ni nani aliyefungua maji, na angemkuta yeye, amepiga magoti, amejifungia ndani kama mwizi.

"Bado kidogo, mama," akasema. "Dawa haijakauka."

Chini yake Fundi alikuwa anasema, "Gusa mwenyewe, mama. Ukuta mkavu huu."

"Mkavu kweli," mama akakubali.

Mpole akauficha uso kwenye kiwiko, humo bafuni peke yake, kana kwamba vigae vilikuwa na macho.

*

Mchana ule simu yake ililia akiwa anasuuza matambara.

*Jumamosi usiende popote. Vaa lile gauni la bluu. Nina kitu cha kukuonyesha.*

Aliandika: *Fundi, kuna jambo nataka kukuambia.* Akafuta. Aliandika: *Usinunue.* Akafuta. Mwisho akatuma: *Sawa.*

Fundi akapiga. "Sawa tu? Mtu anakuambia ana kitu cha kukuonyesha, wewe unajibu kama unapokea kifurushi?"

"Nimefurahi."

"Hiyo ndiyo furaha? Ukihuzunika inakuwaje?"

Ilikuwa desturi yao. Yeye hutania, Mpole hucheka chinichini. Safari hii kicheko kiligoma kutoka.

"Uko sawa lakini?"

"Niko sawa. Naitwa huku."

Hakuitwa na mtu. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa hadi msimamizi alipomkuta.

"Wateja wa tisa wamenasa," msimamizi alisema. "Jumamosi saa nne wanatia sahihi. Kaandae tena, halafu siku hiyo juu kama kawaida."

"Jumamosi naumwa, bosi."

"Leo ni Jumatano, unajuaje Jumamosi utaumwa?"

"Nitaumwa."

Msimamizi akamtazama, akasonya. "Basi mwenzako atakaa juu. Ila ukuta uandae wewe, yeye hana mkono wako."

Hilo la mwisho lilikuwa sifa. Ndilo lililomchoma zaidi.

"Bosi, wale wakishahamia, itakuwaje?"

"Wakishahamia ni wao na ukuta wao. Kwani wewe fundi bomba?"

Kesho yake Mpole akachukua dawa ya madoa, akapanda. Aliusugua ukuta wa chumba chake mwenyewe cha kulala, akaupaka rangi, akauwashia feni.

*

Jumamosi Fundi alimshika mkono tangu kituoni. Mama alitangulia, mkoba kwapani, akiyakagua majengo ya barabarani kama anayekagua mchele. Walipokunja kona Mpole akaona lango.

"Ndo hapa," Fundi alisema. "Usiulize kitu. Njoo tu."

Mlinzi akainuka kitini. "Aisee, dada, leo hakuna sare? Umependeza bwana."

Fundi akageuka. "Mnajuana?"

"Amenifananisha," Mpole alisema, akiangalia viatu vyake.

Mlinzi alifungua mdomo, akaufunga, akafungua lango. Uongo ule aliusema mchana kweupe, mbele ya mtu aliyekula naye chakula cha mchana juzi tu. Ndani ya lifti kulikuwa na kioo. Mpole akakipa mgongo.

Ghorofa ya tisa dalali alikuwa ameshapanga karatasi juu ya meza ya kukunja. Alimsalimia mama, akamsalimia Fundi, akafika kwa Mpole, tabasamu likamgandia. Lakini dalali ni dalali.

"Karibu sana, bibi harusi," akasema. Fundi na mama walipotoka kuangalia roshani, alimsogelea akanong'ona. "Ukinyamaza, wewe una nyumba, mimi nina mkate wangu. Ukisema, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Rangi hiyo umepaka kwa mikono yako."

Mpole akatazama viganja vyake.

"Njoo huku, mwanangu," mama alimwita, akamwongoza chumbani. "Fundi atatia sahihi, ila wewe ndiye utakayelala humu. Zunguka. Funga mlango usikie kama unapiga kelele. Simama pale jikoni ujione unapika. Kisha useme. Nakujua wewe husemi, lakini leo sema hata neno moja."

"Mama, usimtie woga," Fundi alisema. Alikuwa amesimama pembeni ya ukuta ule, kaegemeza bega kwenye rangi ya Alhamisi, anatabasamu. "Unaonaje? Kitanda hapa, au nimekosea?"

Mpole alifungua kinywa. Dalali akaisogeza meza hadi chumbani, Fundi akachukua kalamu.

"Nipeni dakika moja," Mpole akasema, akatoka.

Alipanda ngazi mbilimbili, gauni la bluu kalishika mkononi. Mama wa pacha akafungua.

"Wewe tena? Mwenzio yumo bafuni ananisafishia."

"Mama, waogeshe watoto. Sasa hivi, nakuomba."

"Si mnasema kuna dawa?"

"Hakuna dawa, mama. Haijawahi kuwepo."

Akampita, akagonga mlango wa bafu. "Toka humo. Ni mimi. Toka, nitajibu mwenyewe." Mwenzake akatoka na ndoo, macho yamemtoka. Mpole akafungua bomba mpaka mwisho, maji yakapiga vigae kwa kishindo.

Aliporudi chini alikuwa anahema.

"Usitie sahihi. Subiri kidogo."

"Kuna nini?"

"Subiri tu, Fundi."

"Bwana, nina wateja wengine saa sita," dalali alisema, kijasho kikimchuruzika.

"Tumsubiri mtoto wa watu," mama akasema, akakalia kiti pekee kilichokuwepo.

Wakasubiri. Kupitia tundu la hewa zilishuka sauti za watoto wakipigizana maji. Kisha doa la ukubwa wa kifungo likatokea karibu na dari. Likawa sahani. Likawa sinia. Rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua, ikapasuka, na mchirizi wa maji ukateremka hadi pale Fundi alipokuwa ameegemea.

Mama akainuka, akabonyeza ukuta. Kidole kikazama.

"Labda... labda bomba limepasuka leo," dalali akasema.

"Limepasuka saa hii hii? Limesikia tunakuja?" Mama akamgeukia Mpole, akamkumbatia kwa mikono yote miwili. "Mwanangu, mwenzangu huyu. Mimi na pua yangu yote nimekuja hapa nikatoka sijaona, yeye kwa dakika tano ameona. Nilikuwa nasema moyoni, mpole namna hii ataiweza nyumba? Nisamehe. Kumbe wewe ndiye mwenye akili kutuzidi sote."

Fundi naye alikuwa anamtazama kwa macho ambayo Mpole hakuwahi kuyaona kwake. Yalikuwa macho ya fahari. Na dalali alikuwa kimya, kwa sababu kusema kungemmaliza yeye kwanza. Hapo ndipo Mpole alipoelewa kwamba anaweza kuondoka na mambo yakaishia hivyo hivyo. Ndoa ipo, heshima ipo, ukuta umejisemea wenyewe.

"Mama, naomba uniachie," akasema taratibu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukuta huu niliusugua mimi. Rangi hii nimepaka mimi juzi. Hapa ndipo ninapofanya kazi."

Mikono ya mama ikalegea.

"Unasema?" Fundi aliuliza.

"Wateja wakija mimi hukaa bafuni, hapo juu, ili watu wasioge. Ndiyo kazi yangu."

"Siku ile nilipokuja na mama, wewe ulikuwa wapi?"

"Juu."

"Ulitusikia?"

"Niliwasikia. Nilisikia unavyopanga kitanda."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Fundi akarudisha kalamu mezani, polepole, kama kitu kinachovunjika. Akatoka bila kuaga. Mama akamfuata, akasimama mlangoni.

"Ningependa nikutukane," alisema, "ila sijapata tusi linalokutosha wala linalokuzidi."

*

Siku hiyo hiyo ujumbe wa msimamizi uliingia: *Usije kazini. Rudisha sare.*

Kwa Fundi aliandika mara tatu. *Nisamehe.* Ukasomwa, haukujibiwa. *Naomba tuongee.* Ukasomwa. *Niliogopa unione.* Huo nao ukasomwa.

Siku ya nne, mchana, simu ililia.

"Nyumba ngapi?" Fundi aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Nini?"

"Nyumba ngapi umeziandaa namna ile?"

"Tatu. Bomba kuu lile lile la maji linazipitia."

"Zimeuzwa?"

"Moja. Ghorofa ya nne. Amenunua mkunga mstaafu, anaishi peke yake."

"Anajua?"

"Hajui."

"Mnaonana?"

"Kila asubuhi kwenye lifti. Yeye ndiye huwahi kunisalimia."

Kwenye simu kukasikika cherehani za karakana, mtu akigonga misumari.

"Mimi umeniambia kwa sababu nakuoa," Fundi alisema. "Ningekuwa mteja tu, saa hizi ningekuwa nalala chini ya maji ya kuogea ya watu."

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo?"

"Nitasema nini kingine, Fundi? Ni kweli."

"Basi mimi sijui kama nina mchumba au nilikuwa na bahati tu."

Akakata.

Mpole alikaa na simu ile mapajani mpaka ikazima mwanga. Alikuwa amelia siku nne, akiamini analilia kosa lake. Kumbe alikuwa analilia kukamatwa. Yule mkunga hakuwa amemjia akilini hata mara moja.

Jioni mama yake Fundi naye akapiga. "Mwanangu hali chakula, na mimi nakula kwa hasira, tunakwenda kuharibika wote. Wewe kesho unafanya nini?"

"Narudisha sare, mama. Kisha napanda ghorofa ya nne."

"Kuna nini huko?"

Mpole akamweleza.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Haya," mama akasema, akakata.

*

Mkunga alifungua mlango akiwa na miwani kichwani.

"Ah, ni wewe, mwanangu. Nilikuwa najiuliza nitakupata wapi, siku hizi sikuoni kwenye lifti. Ukuta wangu wa chumbani umeota ukungu tena. Dawa yangu haifui dafu. Nikasema yule binti mpole hakosi kujua dawa nzuri. Ingia, ukae."

"Nikikaa sitasema, mama. Niache nisimame."

Akasema. Alianza na dawa ya madoa akamalizia na bafu la juu, hakuruka kitu. Sauti ilikuwa ndogo, ikimkatika, lakini hakuacha. Aliposema, "Siku uliyokuja kuiona nyumba hii, mimi nilikuwa hapo juu yako," mkunga alishusha miwani, akaivaa, kama asiyemwona vizuri.

"Miezi mitano," mkunga alisema hatimaye. "Miezi mitano nilidhani ni mimi. Nilidhani nafunga madirisha mno, nilidhani uzee umenifanya mchafu. Wanangu wakija kunitembelea nasogeza kabati nifiche ukuta. Mara ya mwisho nikawaambia wasije, nasafiri. Sikusafiri. Nilikaa humu na aibu yangu."

"Si yako, mama. Ni yangu."

"Najua sasa kwamba ni yako. Ila niliibeba mimi."

Machozi yalimtoka Mpole, akayaacha.

"Nitawashitaki," mkunga alisema. "Ukiitwa utakuja kusema haya?"

"Nitakuja."

"Mbele ya watu, wakikukodolea macho?"

"Mbele ya watu."

"Kwa sauti hiyo ya kitoto?"

"Ndiyo niliyo nayo, mama."

Mkunga akamletea karatasi na kalamu. "Nisikuambie nimekusamehe. Bado. Niandikie namba yako ya simu, uiandike vizuri nisije nikakosea."

Akaandika kwa herufi kubwa kubwa. Mkunga akaichukua karatasi, akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza.

Mpole alishuka kwa ngazi. Kwenye kidato cha mwisho alikuwa ameketi Fundi, nyuzi za kochi bado zimemganda kwenye suruali.

"Mama kaniambia uko huku," alisema bila kuinuka. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amekusamehe?"

"Hapana."

"Na mimi bado."

"Najua."

Fundi akaokota uzi mmoja gotini, akauzungusha kidoleni. "Kuna nyumba inauzwa jengo la mtaa wa pili. Ghorofa ya tatu. Mama anasema hakanyagi huko bila wewe. Anasema pua yake imestaafu."

"Na wewe unasemaje?"

Fundi akaukaza uzi kidoleni.

"Nilikaa pale karakana nikafikiri. Ulikuwa na nafasi ya kunyamaza, mama amekukumbatia, mimi mwenyewe nimekuona malaika. Ukaikataa. Hilo silielewi bado, ila nalirudia kila saa." Akainuka, akajipangusa. "Uzuri wa nyumba nitauona mwenyewe. Ubaya wake nataka uniambie wewe. Wote. Hata ule unaokuhusu."

"Huo ndio niuanze?"

"Huo uuanze."

Wakatoka langoni. Mlinzi alimwangalia Mpole, akasita, hajui amsalimie kwa lipi.

"Kaka, nisamehe kwa Jumamosi ile," Mpole alimwambia. "Hukunifananisha. Huyu ni mchumba wangu. Nilikuwa nafanya usafi hapa."

Fundi hakumshika mkono. Lakini walipofika barabarani, magari yakipita, alisimama akamngoja, wakavuka pamoja.